Nani Ashike Ufunguo wa Ghala? Sheria, Mashirika ya Umma na Wajibu Wetu





Nimeombwa nizungumze juu ya sheria zinazoongoza mashirika ya serikali na miradi ya umma. Najua si jambo la kupigiwa vigelegele. Mtu akitaja uchaguzi, ukumbi huchangamka. Akitaja bodi, zabuni na hesabu zilizokaguliwa, watu hutazama saa. Na hapo hasa ndipo tunapoibiwa. Mwizi wa kura huonekana na watu wengi kwa siku moja. Lakini sheria inayompa mtu mmoja uwezo wa kuteua, kufuta na kuagiza hufanya kazi yake kimya kimya mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayepiga kelele kwa sababu yote yamefanywa kwa mujibu wa sheria.

Nasema hivi: kumbadilisha mtawala ni nusu ya mageuzi. Nusu ya pili ni kubadilisha sheria inayosema nani ashike ufunguo wa ghala la umma, na nani amkague mwenye ufunguo huo. Nusu hii ya pili tumeiacha mara nyingi, na tumelipa.

Tulichokirithi

Tuanze na mwaka 1986. Mwaka huo Bunge la chama kimoja lilipitisha Sheria ya Mashirika ya Serikali, ile ijulikanayo kama Sura ya 446. Kwa haki, sheria hiyo ilikuwa na sababu yake. Kamati iliyoongozwa na Philip Ndegwa ilikwisha kuchunguza bodi za serikali mwaka 1979 na kukuta hesabu zisizofungwa, hasara zinazozibwa na Hazina, na mashirika yanayozaliwa bila mpango. Ilihitajika nidhamu.

Lakini tazameni dawa iliyotolewa. Rais aliweza kuunda shirika kwa amri. Mwenyekiti wa bodi aliteuliwa na Rais. Rais aliweza kuipa bodi maagizo, ya jumla au ya jambo mahususi. Tena, hata kama sheria nyingine ilisema vingine, aliweza kumwondoa mwanabodi akiona kwamba bodi haitumikii masilahi ya taifa na kumweka mtu mwingine. Ugonjwa ulikuwa ni mashirika kukosa uwajibikaji kwa umma. Dawa ikawa ni kuyafanya yawajibike kwa mtu mmoja.

Mwaka huo huo wa 1986 Katiba ilirekebishwa, Mkuu wa Sheria na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakanyang'anywa ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1988 majaji nao wakanyang'anywa, pamoja na wanachama wa Tume ya Utumishi wa Umma. Wekeni mambo hayo pamoja kama mtu awekavyo mafiga matatu: anayeendesha shirika anateuliwa na Ikulu, anayekagua hesabu zake anaweza kufukuzwa na Ikulu, na jaji wa kumwendea mwananchi akinung'unika naye anaweza kufukuzwa na Ikulu. Chungu gani cha haki kingeivia juu ya mafiga hayo? Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990, baada ya sauti za mawakili na viongozi wa dini kupazwa. Lakini Sura ya 446 ilibaki mahali pake.

Matunda yake tuliyala. Kampuni ya Bima ya Taifa ilianguka mwaka 1996, na watu waliolipa bima zao kwa miaka mingi wakaachwa na karatasi mikononi. Tume ya Nyama ya Kenya ilifunga kiwanda chake cha Athi River katika miaka ya 1990, kikafunguliwa tena mwaka 2006. Katika miaka hiyo yote mfugaji wa kaskazini alibaki na ng'ombe wake na huruma ya madalali. Nao ushirika wa maziwa wa KCC, ulioanzishwa mwaka 1925, uliuzwa mwaka 2000, na serikali mpya ikaurejesha mikononi mwa umma mwaka 2003. Mkulima aliyeamka alfajiri kukamua hakuulizwa neno wakati wa kuuza wala wakati wa kurejesha.

Katika giza hilo palikuwa na taa. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Wangari Maathai aliandika barua, akauliza maswali mepesi: fedha zinatoka wapi, na nani ameruhusu ardhi ya watu wote itwaliwe? Alitukanwa hata ndani ya Bunge. Lakini mradi ule haukujengwa, na watoto wa Nairobi bado wana mahali pa kukaa chini ya mti. Maswali yake hayakuwa ya kitaalamu. Ni maswali ambayo mama yeyote humwuliza mtoto aliyerudi dukani na chenji pungufu.

Vyama vingi, sheria ile ile

Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, nasi tukashangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Mwaka uliofuata tukapiga kura katika mfumo wa vyama vingi. Lakini aliyeshinda aliikuta Sura ya 446 mezani. Mwaka 1997 vyama vilikaa pamoja vikafanya marekebisho machache kabla ya uchaguzi. Sheria za mikutano na za kumweka mtu kizuizini ziliguswa, ufunguo wa mashirika haukuguswa. Mwaka 2002 chama kingine kikaingia Ikulu. Nacho kikaikuta sheria ile ile, na kikaona kwamba ni tamu.

Ndugu zangu, hili ndilo somo kubwa la miaka hiyo. Tulidhani kwamba sheria mbaya ilikuwa mbaya kwa sababu ilishikwa na watu wabaya. Kumbe sheria mbaya huwafundisha ubaya hata watu wazuri. Nafasi za uenyekiti wa bodi zimekuwa chakula cha kuwatuliza walioshindwa katika uchaguzi, chini ya serikali baada ya serikali. Hata baada ya Katiba mpya kuzinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, desturi hiyo haikufa. Mwaka 2018 watu 128 waliteuliwa kuwa wenyeviti na wanabodi wa mashirika. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikatamka kwamba uteuzi huo ulivunja Katiba kwa kuwa nafasi hazikushindaniwa kwa haki.

Majaribio ya kusafisha nyumba yamekuwapo. Mwaka 2013 jopo la Rais lilihesabu mashirika 262 na kupendekeza yapunguzwe yawe 187. Mswada ukaandikwa, haukufika popote. Januari 2025 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba mashirika 42 yaunganishwe yawe 20, na mengine yavunjwe. Mtaona kwamba kila mara tunahesabu mashirika, lakini swali la nani ateue na nani akague tunaliahirisha.

Mlango wa nyuma katika sheria nzuri

Niwape mfano wa mradi mmoja ili mwone jinsi maneno machache ya sheria yanavyoweza kubeba mabilioni.

Tangu mwaka 2005 tumekuwa na sheria ya ununuzi wa umma, na Katiba, Ibara ya 227, inataka ununuzi uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na usio wa gharama kubwa bila sababu. Ni maneno mazuri. Kisha ikaja reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, kwa kandarasi ya kiasi cha shilingi bilioni 327. Kampuni iliyofanya uchunguzi wa awali kuona kama reli inafaa ndiyo iliyopewa kazi ya kuijenga, bila zabuni ya ushindani. Raia na mawakili wakaenda mahakamani. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba sheria ilivunjwa. Wengi tulidhani mambo yamekwisha. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu iligeuza uamuzi huo, kwa kuwa sheria ya 2005 yenyewe, katika kifungu cha 6, iliacha nafasi: mkopo ukitokana na mapatano na serikali ya nje, masharti ya mapatano hayo hutangulia.

Sisemi haya kuwalaumu majaji. Jaji husoma kilichoandikwa. Nasema kwamba walioandika walijenga nyumba yenye kuta imara wakaacha mlango wa nyuma, na mizigo mikubwa ndiyo iliyopita humo. Mwalimu mkuu anayenunua madawati ya shule alibanwa na kila kifungu. Reli ya mabilioni ikapita. Na msidhani kwamba mlango ulizibwa. Sheria iliyoifuata, ya mwaka 2015, nayo imeweka kando manunuzi yanayotokana na mapatano ya serikali na serikali.

Mlango wa pili ni ule wa pendekezo la mwekezaji mwenyewe. Sheria ya ubia kati ya serikali na sekta ya kibinafsi ya mwaka 2021 inaruhusu kampuni kuja na wazo lake bila kuitwa. Kwa njia hiyo mwaka 2024 tulisikia, baada ya hati kuvuja, kwamba uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa karibu kukabidhiwa kampuni ya Adani kutoka India kwa miaka 30. Wafanyakazi wa uwanja waligoma, Mahakama Kuu ikasimamisha, na tarehe 21 Novemba 2024 Rais akatangaza Bungeni kwamba mpango umefutwa. Tushukuru. Lakini tujiulize: lau hati zile zisingevuja, tungejua lini?

Mchezaji kuwa mwamuzi

Kuna mradi mwingine ulio karibu zaidi na nyumba zetu, nao ni mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, CDF. Ulianza kwa sheria ya mwaka 2003, ukitengewa asilimia 2.5 au zaidi ya mapato ya kawaida ya serikali. Wapo hapa ambao watoto wao wamesoma kwa karo ya mfuko huo. Yapo madarasa yaliyojengwa mahali ambapo watoto walikaa chini ya mwembe. Sitawadharau wanaousifu.

Lakini kwa kanuni, kazi ya mbunge ni kutunga sheria, kupitisha bajeti, na kuwasimamia watumiao fedha. Akiwa yeye pia ndiye mwenye kauli juu ya darasa gani lijengwe na nani aijenge kamati, basi nani amsimamie? Wahenga walisema: kesi ya ngedere, hakimu nyani. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 ilikwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa ilichanganya mamlaka yanayopaswa kutengana na kuingilia mgawanyo wa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Wakati huo wabunge walikuwa wamekwisha kutunga sheria nyingine ya mwaka 2015 kuushikilia mfuko, nayo pia ikapelekwa mahakamani.

Hapa wanaharakati lazima tuwe na ukweli. Mjane ambaye mwanawe anasoma kwa mfuko huo hatakusikiliza ukimwambia habari za mgawanyo wa madaraka. Mwambie hivi: karo ya mtoto wako ni fedha yako mwenyewe, uliyokatwa katika sukari na mafuta ya taa, haipaswi kutegemea kama ulionekana kwenye mkutano wa mheshimiwa. Lugha hiyo ataielewa, kwa sababu ameyaona.

Sheria mpya zilizotujia

Sasa nifike kwenye mambo ya miaka hii ya karibuni. Oktoba 2023 Rais alitia sahihi sheria mpya ya ubinafsishaji. Haukupita muda serikali ikatangaza mashirika 11 ya kuuzwa, yakiwamo jumba la mikutano la KICC, kampuni ya mabomba ya mafuta, na KCC mpya, ile ile ya maziwa niliyoitaja. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaifuta sheria hiyo, hasa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikasema pia kwamba KICC ni turathi ya taifa. Serikali ikarudi Bungeni, na mwaka 2025 sheria nyingine ya ubinafsishaji ikapitishwa na kutiwa sahihi. Mwaka huo huo ikapitishwa pia sheria ya mashirika ya kibiashara ya serikali, ambayo inataka mashirika hayo yawe makampuni ya umma chini ya Sheria ya Makampuni.

Je, tuzipinge kwa kuwa ni za serikali? La. Upinzani wa namna hiyo ni uvivu wa kusoma. Upo wema katika kulitenga shirika la biashara na siasa za kila siku, na kutaka wakurugenzi wachaguliwe kwa ujuzi. Wengi wetu tuliyadai hayo hayo tangu zamani. Shirika linalokula ruzuku kila mwaka huku dawa zikikosekana zahanatini si mali ya umma. Ni mzigo wa umma.

Lakini kampuni ina desturi zake. Kampuni huwa na wenye hisa, na hisa huuzika. Kampuni husema kwamba mikataba yake ni siri ya biashara. Na kampuni inayojilisha kwa mauzo yake inaweza kudai kwamba haipokei fedha za umma, hivyo Mkaguzi Mkuu hana la kuuliza. Katiba, Ibara ya 229, inampa Mkaguzi Mkuu uwezo wa kukagua chombo chochote kinachopewa fedha za umma. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba hakuna sheria itakayomwacha nje ya mlango kwa hila ya maneno.

Maswali matano

Kwa hiyo nawaachia maswali matano. Muyachukue mpaka vijijini, muyaulize juu ya kila mswada unaogusa shirika au mradi.

Kwanza, nani anateua, na nani anaweza kufukuza? Kama ni mtu yule yule, bila kutoa sababu na bila ushindani, bodi hiyo ni pambo.

Pili, nani anakagua, na ripoti inasomwa na nani? Tafuteni kama Mkaguzi Mkuu ametajwa. Tafuteni kama ripoti inafika Bungeni kwa muda uliowekwa, au ni mpaka waziri apende.

Tatu, wapi pameandikwa "isipokuwa"? Someni vifungu vya msamaha kabla ya vifungu vya sifa. Reli ile imetufundisha.

Nne, mali ikiuzwa au shirika likivunjwa, wafanyakazi, wakulima na wanaolidai shirika wanalindwaje, na fedha zinaingia mfuko gani?

Tano, wananchi waliulizwa lini, wapi, na kwa lugha gani? Tangazo la Kiingereza gazetini, la kutaka maoni kwa siku chache, si kumshirikisha mfugaji wa Marsabit. Ibara ya 118 inalitaka Bunge liwashirikishe watu. Na mahakama, kama mlivyosikia, imewahi kuifuta sheria nzima kwa kosa hilo.

Tena msikae mkisubiri mswada. Ibara ya 35 na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 zinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Andikeni barua. Ulizeni bomba la maji lililoishia njiani liligharimu kiasi gani, na mkandarasi amelipwa mara ngapi. Hifadhini nakala. Wakikataa, kukataa kwao kwa maandishi ni ushahidi.

Wajibu wa kanisa

Nimalize nyumbani kwetu. Kanisa lilisimama imara katika miaka ile migumu. Mimbari zilisema wakati magazeti yalipoogopa. Lakini mimbari hizo hizo zimepokea bahasha katika harambee, bila kuuliza mtumishi wa umma mwenye mshahara unaojulikana amezipata wapi mamilioni. Sheria ya maadili ya mwaka 2003 ilikwisha kumkataza ofisa wa umma kutumia cheo chake kukusanya michango, nasi tukaendelea kumtandikia zulia mgeni wa heshima. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha fedha zilizotolewa kanisani na Rais na wanasiasa wengine. Wengine walicheka, mimi niliona kwamba hapo mahubiri yamepata miguu.

Maandiko hayakosi mfano. Ezra alipowakabidhi makuhani fedha na dhahabu ya hekalu, aliwapimia kabla ya safari. Walipofika Yerusalemu ikapimwa tena mbele ya mashahidi, ikaandikwa. Walikuwa makuhani, watu waliowekwa wakfu, na bado walipimiwa! Naye Paulo alipobeba mchango wa maskini hakukubali kwenda peke yake. Makanisa yalichagua watu wa kufuatana naye ili asipatikane wa kumlaumu. Ikiwa Ezra hakuona kwamba mizani ni tusi kwa kuhani, kwa nini waziri au mwenyekiti wa shirika aone kwamba ukaguzi ni tusi kwake?

Basi tuanze sisi. Hesabu za parokia na za shirika letu la maendeleo zibandikwe mlangoni, zisomwe kwa lugha ya watu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo hauna ubaguzi kati ya serikali na kanisa. Kila parokia ichague watu watatu, mmoja wao awe kijana na mmoja awe mama, wa kufuata miswada inayotangazwa na kuileta mbele ya waumini kabla siku za maoni hazijapita. Hatuhitaji wote kuwa mawakili. Tunahitaji watu wanaojua kusoma neno "isipokuwa" na kuuliza kwa nini limewekwa.

Watatuambia kwamba mambo haya ni ya wataalamu. Mjibuni kwa upole kwamba aliyelipa kodi ana haki ya kuona daftari, na kwamba mlango wa ghala ni wa wote waliolijaza.

Mungu awabariki, na awape ujasiri wa kuuliza.